Kiota cha Nyigu Bustanini: Kukiondoa au Kukiacha?

Katika pwani ya Tanga, kuanzia Pangani hadi Mkinga, si ajabu kukuta kiota cha nyigu kikining'inia chini ya upenu wa nyumba, katika tawi la mchungwa, au ndani ya ua wa michongoma. Mara kinapoonekana, dawa inayotajwa kwanza ni moto. Tambara hufungwa kwenye ncha ya mti mrefu, hutiwa mafuta ya taa, na kuwashwa. Njia hiyo huua nyigu, lakini mahali penye mapaa ya makuti yaweza pia kuteketeza nyumba. Kabla ya kuchukua hatua yoyote, yafaa kumfahamu mdudu mwenyewe: anaishije, ana faida gani, na hatari yake ni ipi hasa.

Aina mbili za maisha

Nyigu ni ndugu wa nyuki na sisimizi. Hutambulika kwa kiuno chake chembamba, ambacho kimeingia hata katika lugha: mtu mwembamba wa kiuno husemwa kuwa ana kiuno cha nyigu. Wanaoonekana sana nyumbani waweza kugawanywa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la nyigu wapweke wanaojenga kwa udongo, kama wale wa jenasi ya Sceliphron. Jike mmoja hubeba matonge ya matope na kufinyanga vyumba ukutani au juu ya dari. Katika kila chumba huweka buibui aliowachoma na kuwapoozesha, akataga yai, kisha akaziba mlango. Buibui hao hawaozi upesi kwa kuwa hawajafa, hivyo buu hupata chakula kibichi. Nyigu wa namna hii hana jeshi la kulinda nyumba yake, na ni nadra sana kumchoma mtu asipomshika.

Kundi la pili ni la nyigu wanaoishi kwa jamii, wa jenasi kama Belonogaster, Polistes na Ropalidia. Hawa hujenga masega ya karatasi, na hukilinda kiota chao. Ndio wanaohusika zaidi na mashaka ya bustanini.

Nyumba ya karatasi

Nyigu wa jamii hukwangua nyuzi za mti mkavu kwa taya zake, akazitafuna pamoja na mate, na kupata uji unaokauka kuwa karatasi nyepesi. Mwaka 1719 mtaalamu wa Ufaransa, Réaumur, alipowatazama nyigu alitoa shauri kwamba binadamu naye angeweza kutengeneza karatasi kwa mti, katika zama ambazo karatasi ya Ulaya ilitokana na matambara.

Kiota huanzishwa na jike mmoja au majike wachache. Sega huning'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, na majike hupaka kikonyo hicho utomvu wa tezi zao unaowafukuza sisimizi, ambao ni adui wakubwa wa mabuu. Vitundu vyake vina pembe sita, umbo linalojaza nafasi yote bila kuacha mwanya.

Vitabu vingi vya Ulaya hushauri kusubiri majira ya baridi, kwani huko jamii ya nyigu hufa na malkia wachanga pekee ndio wanaosalia mafichoni. Ushauri huo hauna maana Tanga. Pwani haina baridi ya namna hiyo, na viota vipya vyaweza kuanzishwa nyakati mbalimbali za mwaka. Aliye na bustani hana budi kukagua mapenu na miti yake mara kwa mara.

Mwindaji wa viwavi

Nyigu mzima hunywa maji matamu ya maua na matunda, lakini mabuu yanahitaji nyama. Kwa hiyo majike huwinda viwavi, huwatafuna, na kuwalisha mabuu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kiota chenye wawindaji 20, kila mmoja akileta viwavi 3 kwa siku, kitaondoa viwavi 60 kwa siku na 1,800 kwa siku 30. Mkulima wa mchicha au kabichi hupata msaada huo bila malipo.

Nyigu wengine wadogo mno, wasiojenga viota vya jamii wala kumsumbua mtu, hutaga mayai ndani ya wadudu waharibifu. Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi kilianza kumwachilia katika pwani ya Kenya nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyetoka Asia, ili apambane na kiwavi wa Asia anayetoboa mabua ya mahindi na mtama. Si sahihi, basi, kuwahesabu nyigu wote kuwa adui.

Sumu na mafunzo yasiyo sahihi

Majike pekee ndio wenye mwiba, kwa kuwa mwiba ni kiungo cha kutagia kilichobadilika. Mwiba wa nyuki wa asali una vishokoro na hubaki ngozini, bali nyigu huchomoa wake na kuchoma tena.

Wanafunzi wengi hufundishwa, katika somo la asidi na besi, kwamba sumu ya nyuki ni asidi inayotibiwa kwa magadi, na ya nyigu ni besi inayotibiwa kwa siki. Mfano huo haufai. Sumu ya nyigu haielemei sana upande wowote, imeingizwa chini ya ngozi ambako siki haifiki, na maumivu hayaletwi na ubesi wake bali na protini na kemikali nyingine kama histamini.

Hatari kubwa kuliko maumivu ni mzio. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walichunguza sumu ya wanyama wa baharini. Waliona kwamba mbwa aliyestahimili kiasi kidogo cha sumu aliweza kufa ghafla alipopewa tena majuma machache baadaye. Mwili, badala ya kuzoea, ulikuwa umejiandaa kupita kiasi. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Ndiyo sababu mtu aliyechomwa zamani bila madhara makubwa hawezi kujiamini daima.

Aliyechomwa aondoke kwanza karibu na kiota, aoshe jeraha kwa maji na sabuni, na kuweka kitambaa cha maji baridi. Akitokwa na vipele mwili mzima, akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitapika au kuzirai, apelekwe hospitali mara moja. Dawa inayookoa maisha hapo ni sindano ya adrenalini. Aliyechomwa mara nyingi, au kinywani na kooni, apelekwe vilevile.

Kuamua na kutenda

Kiota kilicho juu mtini, mbali na njia, kiachwe. Kilicho mlangoni, chooni, darasani au mahali pa kuchezea watoto kiondolewe. Kabla ya hapo ihakikishwe kuwa si nyuki, kwani kundi la nyuki ni kazi ya wafugaji wa nyuki.

Kazi hii ni ya mtu mzima asiye na mzio, si ya wanafunzi. Hufanywa usiku, wakati nyigu wote wametulia juu ya sega. Mtendaji avae nguo nzito za mikono mirefu, afunike uso na shingo, na tochi ifunikwe karatasi nyekundu ya kupitisha mwanga, kwa kuwa nyigu hawaioni vizuri rangi hiyo. Asipande ngazi, kiota kisichofikika kutoka chini kiachiwe mwenye ujuzi.

Silaha inayotosha ni maji ya sabuni katika bomba safi la kunyunyizia. Maji matupu huteleza juu ya nta ya ngozi ya nyigu. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, nayo huenea mwilini na kuingia katika matundu ya kupumulia, na mdudu hukosa hewa. Asubuhi sega lililokwisha tulia hukatwa kwa mti mrefu pamoja na kikonyo chake, na kufukiwa. Dawa zilizobaki za mikorosho au pamba zisitumike juu ya mboga: zitabaki kwenye majani yatakayoliwa.

Maswali na kazi ya darasa

1. Dondosha tone la maji matupu na tone la maji ya sabuni juu ya jani la mgomba. Eleza tofauti.
2. Vunja kiota cha udongo kilichohamwa, chenye matundu wazi. Kuna mabaki gani ndani yake?
3. Chora pembetatu, miraba na pembesita zilizo sawa. Zipi hujaza ukurasa bila mwanya, na ipi kati ya hizo huhitaji ukuta mfupi zaidi kwa eneo lilelile?
4. Kiota kimeonekana juu ya mwembe ulio mita 15 kutoka darasani. Jadilini kama kiondolewe, mkitoa sababu za kila upande.