Bati, Chokaa na Usingizi wa Mtoto Mchana

Feni haipoozi hewa, inaisukuma tu. Ukiiwasha kwenye chumba kitupu kilichofungwa madirisha, ukarudi baada ya saa moja, themometa ya ukutani itakuwa imepanda kidogo, maana umeme wote ulioliwa na mota umeishia kuwa joto na joto hilo limebaki humo humo. Sisi watu wazima tunapata nafuu kwa sababu upepo wa feni unakausha jasho, na jasho linapokauka linaondoka na joto la ngozi. Mtoto mchanga hatoi jasho vizuri kama sisi, wala hawezi kuinuka akahamia kivulini. Analia tu. Wazazi wanadhani ana njaa au tumbo linamsokota, kumbe joto limemzidi.

Kwa hiyo familia changa inayoishi chumba na sebule chini ya bati lisilo na dari, na yenye pesa ya kubana, naisihi ianze na swali hili kabla ya kwenda dukani: joto hili linaingilia wapi?

Tuchukue Dar es Salaam. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita mchana halitoki mbali na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linasimama utosini kabisa. Saa hiyo kuta hazipati jua kubwa, maana miale inashuka sambamba nazo. Mzigo wote unabebwa na paa. Mchana usio na mawingu, kila mita mraba moja iliyolala bapa hupokea takriban wati 1,000 za jua. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita mraba 12 za paa, kwa hiyo juu yake zinatua wati 12,000. Pasi ya umeme ya kawaida inakula kama wati 1,000. Wekeni pasi kumi na mbili zilizowashwa juu ya kitanda cha mtoto, ndipo mtaona ukubwa wa jambo lenyewe.

Si wati zote zinazoingia ndani, na hapo ndipo penye matumaini. Tufuatilie njia zinazopita. Shuleni tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnururisho. Bati halifiki unene wa nusu milimita na ni chuma, kwa hiyo joto linalopokelewa upande wa juu linafika upande wa chini papo hapo kwa mpitisho. Kutoka hapo hadi kitandani kuna hewa, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Myuko nao hausaidii kulishusha: hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi, na nyepesi hukaa juu. Ile inayogusa bati inabaki imeganda pale pale chini ya bati. Njia mbili zimeziba. Imebaki ya tatu, mnururisho, ambao hauhitaji hewa wala kitu chochote cha kuubeba.

Jambo hili linapimika bila kifaa. Saa saba mchana simama chini ya bati, inua kiganja juu ya kichwa bila kugusa kitu, utahisi joto likikushukia mkononi. Sasa mwenzako apitishe kipande cha boksi kati ya kiganja na bati. Joto linakatika mara moja. Akiondoa boksi, linarudi mara moja. Hewa inayokizunguka kiganja haikubadilika kwa kufumba na kufumbua namna hiyo. Kilichokatwa ni miale iliyokuwa ikishuka kwa mstari ulionyooka.

Miale hiyo aliigundua William Herschel, mwanaastronomia aliyekuwa akiishi Uingereza, mwaka 1800. Aliutawanya mwanga wa jua kwa kipande cha kioo chenye pande tatu mpaka rangi za upinde wa mvua zikatandazika mezani, kisha akaweka themometa kwenye rangi moja baada ya nyingine. Nyekundu ilipasha zaidi kuliko zambarau. Aliposogeza themometa nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, ikapanda zaidi. Kila kitu chenye joto kinatoa miale ya jamii hiyo: bati, ukuta, hata mwili wa mtoto. Chenye joto zaidi kinakipa chenye joto pungufu. Bati likiwa nyuzi 65, na ngozi nyuzi 35, mtoto anapokea zaidi kuliko anavyotoa. Likishuka hadi nyuzi 45, pengo linatoka nyuzi 30 na kuwa 10, na ziada ya joto inayomfikia inabaki kama theluthi moja. Ndiyo sababu feni haiwezi kumaliza tatizo hili: haizuii miale.

Basi kazi ni kulipooza bati lenyewe, na dawa yake ya bei nafuu ni weupe.

Weupe hutokeaje? Chukua punje kubwa ya chumvi ya mawe uishike kwenye mwanga. Utaona upande wa pili, maana chumvi yenyewe haina rangi. Itwange, inakuwa nyeupe pee. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa nyuso. Kila mwanga unapotoka kwenye hewa na kuingia kwenye punje, au kutoka kwenye punje na kurudi hewani, sehemu yake hurudishwa. Punje moja hurudisha kidogo, lakini maelfu yaliyolundikana hurudisha karibu wote, na wa kila rangi kwa usawa. Chokaa ni vumbi la namna hiyo. Ukiipaka, ikiwa bado na majimaji, utaona bati bado linaonekana kwa chini, na mafundi wageni huogopa wakaongeza nyingine nzito. Subirini. Maji yamejaza nafasi kati ya chembe, na tofauti kati ya maji na chembe ni ndogo kuliko kati ya hewa na chembe, hivyo mwanga unapenya. Maji yakiondoka, hewa inaingia, weupe unatokea wenyewe.

Chokaa iliyopakwa vizuri hurudisha kama robo tatu ya jua. Bati kuukuu lenye kutu linaweza kumeza hadi asilimia 80. Tukirudi kwenye chumba chetu, paa la kutu linameza kama wati 9,600, la chokaa kama 3,000.

Mtu anaweza kuuliza: bati jipya linang'aa, nalo si linarudisha jua? Linarudisha sehemu nzuri, kweli. Lakini liguse saa nane mchana. Hapa pana jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika somo hili. Paa halipoi kwa kurudisha jua peke yake. Kile kidogo lilichomeza lazima likitoe, na njia mojawapo kubwa ni kunururisha kuelekea angani. Metali inayong'aa ni bahili wa kunururisha. Inashikilia joto. Chokaa haina ubahili huo, kwa sababu mwanga wa jua na miale ya paa ni vitu vya vipimo tofauti: mwanga unaoonekana una mawimbi ya karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali miale inayotolewa na paa la moto ina mawimbi marefu zaidi ya mara kumi na tano. Kwa yale mafupi chokaa ni nyeupe, inayarudisha. Kwa yale marefu ni nyeusi, na kilicho cheusi hunururisha kwa ukarimu. Kitu kimoja kinakataa jua na wakati huo huo kinatoa joto lake. Jicho halikuweza kutuambia hilo, kwa kuwa halioni mawimbi yale marefu.

Kabla ya kupanda juu, jaribuni chini. Tafuteni vipande viwili vya bati chakavu, kimoja mkipake chokaa, mviweke juu ya kipande cha godoro juani, mahali pasipo na upepo. Juu ya kila kimoja wekeni kijipande cha mshumaa. Nta ya mishumaa huanza kulainika na kuyeyuka baada ya nyuzi 50 na kitu. Mtaona wenyewe ni kipi kinatangulia, na mtaamua kwa ushahidi wenu.

Chokaa yenyewe tunaijua pwani hii kwa karne nyingi. Magofu ya Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14, yameshikiliwa nayo mpaka leo. Jiwe la chokaa au tumbawe likichomwa kufikia nyuzi 900 hivi, hewa ukaa iliyofungwa ndani yake inatoka: kilo 100 za jiwe safi zinabaki 56. Hiyo ni chokaa mbichi, kali, inayochemka ikimwagiwa maji. Ikishanywa kilo 18 za maji inakuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa, ndiyo ile ya unga inayouzwa kwenye mifuko. Ukiipaka, inaanza kuvuta hewa ukaa kutoka hewani na kuachia maji, mpaka inarudi kilo 100 za jiwe. Paa lenu linavaa jiwe jembamba. Nunueni ile ya mawe ya nchi kavu. Matumbawe yaliyo hai ni makazi ya samaki, yaachwe baharini.

Kutokana na kemia hiyo, namna ya kupaka inajieleza. Chokaa inahitaji unyevu ili ivute hewa ukaa. Ikikauka haraka inabaki vumbi linaloshika mkononi. Kwa hiyo msipake bati likiwa la moto. Siku ya mawingu isiyo na mvua inafaa, au jioni kuanzia saa kumi na nusu, na kesho yake asubuhi mlinyunyizie maji. Sugueni paa kwa brashi kwanza, vumbi na ukoga vitoke. Changanyeni sehemu moja ya chokaa na mbili za maji, ilale usiku mzima, muichuje kwa kitambaa. Kikombe cha chai cha gundi nyeupe ya mbao kwa ndoo ya lita 20 kitasaidia ishike. Pakeni tabaka nyembamba mara tatu, kila moja ikikauka, maana nene hupasuka ikijikunja. Wengi huongeza chumvi wanapopaka kuta ili ivute unyevu. Kwenye bati msithubutu, italeta kutu.

Mabati yenye alumini, au yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, msiyapake chokaa kabisa, kwa sababu alumini huliwa na ukali wake. Hayo yanataka rangi nyeupe ya maji ya kupaka nje. Fizikia ni ile ile, gharama tu inapanda. Mkiwa wapangaji, mwenye nyumba aambiwe kwanza. Na kama mnakinga maji ya mvua kutoka paani, ondoeni mfereji mpaka mvua za kwanza zioshe.

Watoto wasiwe karibu na ndoo. Chokaa iliyozimwa inaunguza jicho vibaya, na ile mbichi ni hatari zaidi, hivyo nunueni iliyokwisha kuzimwa. Mpakaji avae miwani na glavu. Tone likiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali bila kungoja. Juu ya paa kanyageni kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake ndipo papi zilipo, na mmoja ashike ngazi.

Mkipata pesa zaidi, dari inafuata. Boksi lile lililokata joto kiganjani ndilo somo la dari: karatasi moja ya kawaida iliyotandazwa chini ya bati, yenye nafasi ya hewa, hukata mnururisho karibu nusu, na yenye uso wa alumini unaong'aa hukata zaidi sana. Jipsamu ni bora kwa kuwa haishiki moto kirahisi. Viroba vya plastiki vilivyoshonwa pamoja navyo vinafanya kazi, lakini vinawaka upesi, na nyumba inayotumia koroboi, mshumaa au jiko la mkaa ndani isivifikirie.

Hewa iliyonasa juu ya dari nayo itafutiwe mlango. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 60 ni nyepesi kwa kama gramu 100 kuliko ile ya nyuzi 30, kwa hiyo itapanda yenyewe mkiipa matundu juu kwenye pembe ya ukuta na njia ya kuingilia chini yake. Matundu yote yafungwe wavu, kwani mbu wa malaria hupenda kupitia hapo hapo kati ya ukuta na paa.

Mvua huosha chokaa, kwa hiyo kazi hii hurudiwa. Kwa Dar es Salaam wakati mzuri wa kupaka ni Septemba, paa likiwa kavu na jua linarudi kusini, lipate majuma machache ya kukomaa kabla ya vuli. Januari angalieni palipomomonyoka mpaongezee tabaka moja, kwa sababu Februari joto linakuwa kwenye kilele chake.