Mti Uchanuao Mara Moja

Tulipokuwa Nairobi, baada ya darsa katika msikiti mmoja wa Kawangware, alitujia mama mtu mzima akatueleza shida yake. Uani kwake palikuwa na mkonge alioupanda marehemu mumewe, umekaa miaka mingi bila ya kuugua. Ghafla ukatoa mlingoti uliopita paa la bati, ukachanua, kisha majani yakanyauka ukafa. Watu wakasema ni husuda, wakamtaja jirani wa ukuta kwa ukuta, asiye wa kabila lake. Tangu siku ile nyumba mbili hizo hazisalimiani, wala watoto wao hawachezi pamoja. Naye alitaka tumwandikie kombe la kuondosha shari.

Kombe hatukuliandika. Tulimpa jawabu, nalo twalieleza hapa, kwani mwenye haja nalo si mama huyo peke yake. Nasi watu wa pwani tumo.

Jueni ya kwamba iko miti ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuishi miaka mingi, kuchanua mara moja, kisha kufa. Mnazi na mwembe si katika hiyo, kwani huzaa mwaka hata mwaka. Mkonge ni katika hiyo. Huweka akiba ya chakula katika majani na shina lake kwa miaka 7, 10 au zaidi. Wakati wake ukifika huitoa akiba yote kuujenga mlingoti, ambao huweza kufika mita 6. Akiba ikesha, mti haubakiwi na kitu cha kuishia. Hiyo ndiyo sababu ya kufa kwake, wala si jicho la mtu.

Mkonge asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai. Na kwa hiyo 62 yakaanza mashamba makubwa ya Tanga na Pangani. Katika mashamba hayo, mkonge ukitoa mlingoti hatafutwi mchawi. Hujulikana kuwa umri wake umekwisha. Na juu ya Mlima Kenya uko mmea wa lobelia uitwao kwa jina la Teleki, ukaao makumi ya miaka katika baridi, uchanue mara moja, ufe.

Kisha tulikwenda Kibera, waliko ndugu zetu Wanubi tangu mwanzo wa karne ya 20, tukaona migomba kando ya mtaro. Shina la mgomba nalo huzaa mkungu mmoja likafa, na machipukizi yakashika mahali pake. Je, nani amepata kugombana na jirani kwa kufa mgomba? Hapana. Basi kinachotutia hofu si kifo cha mti, ni ugeni wa jambo: mgomba twauona kila mwaka, mkonge mtu huuona mara chache katika umri wake. Tusilolijua twalijaza dhana.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema limepatwa kwa kifo hicho. Naye, na msiba wake moyoni, aliwakataza neno hilo. Ikiwa jua halikupatwa kwa mwana wa Mtume, mkonge wa Kawangware utakufaje kwa jicho la jirani?

Tukamwambia mama atazame chini ya mlingoti. Maua yakianguka, mkonge huota vitoto vingi juu yake, navyo huanguka vikashika mizizi. Akaenda, akarudi navyo kanga imejaa. Tukamwambia: kimoja kipande pale pale alipopanda marehemu, na kingine mpelekee jirani kwa mkono wako, umtake radhi.

Ndugu zetu, mti uliokufa huacha miche. Udugu uliokatwa kwa dhana hauachi kitu. Kabla ya kumtaja mtu, tuulize wenye kujua.