Mabadiliko ya Mwendo wa Vyombo vya Angani: Je, Ni Dalili ya Fizikia Mpya?

Tarehe 8 Desemba 1990 chombo cha angani kiitwacho Galileo, kilichotumwa na Marekani kwenda kwenye sayari ya Mshtarii, kiliipita dunia kwa kimo cha km 960. Kilipokwisha kwenda mbali, wataalamu waliokuwa wakikifuatilia walikuta kwamba mwendo wake umezidi hesabu kwa karibu milimita 4 kwa sekunde. Kiasi hicho ni kidogo mno: kitu kiendacho kwa mwendo huo huchukua zaidi ya dakika 4 kumaliza mita moja. Hata hivyo, hakuna kani iliyojulikana iliyoweza kukieleza. Je, kosa lilikuwa katika vipimo, katika hesabu, au katika sheria za fizikia zenyewe?

Mwendo ulivyotarajiwa

Chombo kinapoikaribia dunia, kani ya mvutano hukiongezea mwendo. Kinapoondoka, kani hiyo hiyo hukipunguzia. Ni kama gololi inayoteremka bondeni na kupanda upande wa pili pasipo msuguano. Kwa mujibu wa sheria ya hifadhi ya nishati, mwendo wa chombo kikilinganishwa na dunia hauna budi kuwa sawa kabla ya kukaribia na baada ya kwenda mbali. Mwendo wake kikilinganishwa na jua ndio unaobadilika, na hiyo ndiyo faida ya kukipitisha karibu na sayari.

Jinsi mwendo unavyopimwa

Kituo cha ardhini hutuma wimbi la redio, na chombo hulirudisha. Chombo kikiwa kinakwenda mbali, wimbi hurudi likiwa na mitetemo michache zaidi kwa sekunde. Hii ndiyo athari ya Doppler. Kwa kuwa wimbi hwenda na kurudi, badiliko la mitetemo ni:

2 × mwendo × mitetemo ya wimbi ÷ kasi ya nuru

Chombo NEAR kilipoipita dunia tarehe 23 Januari 1998, ziada ya mwendo wake ilikuwa milimita 13.46 kwa sekunde. Kwa wimbi la mitetemo 8,400,000,000 kwa sekunde, badiliko ni takriban 0.75 ya mtetemo kwa sekunde. Ni dogo, lakini mitambo ya vituo huweza kulipima bila shida.

Matokeo yasiyopatana

Vipimo vinne vilikuwa hivi:

Galileo, 1990: kimo km 960, ziada mm 3.92 kwa sekunde
NEAR, 1998: kimo km 539, ziada mm 13.46
Rosetta, 2005: kimo km 1,956, ziada mm 1.80
MESSENGER, 2005: kimo km 2,347; ziada mm 0.02

Mwaka 2008 John Anderson na wenzake walitoa kanuni iliyohusisha ziada hiyo na kuzunguka kwa dunia katika mhimili wake, pamoja na pembe ambazo chombo huingilia na kutokea zikipimwa kutoka ikweta. Kanuni ilipatana na vipimo hivyo. MESSENGER, kwa mfano, kiliingia na kutoka kwa pembe zinazokaribia kulingana, na ziada yake ilikuwa karibu na sifuri.

Lakini kanuni hupimwa kwa mambo yaliyo mbele yake. Rosetta kilipoipita dunia tena mwaka 2007 na 2009, ziada haikuonekana. Tarehe 9 Oktoba 2013 Juno kilipita kwa kimo cha karibu km 560, ambapo kanuni ilidai ziada ya kupimika, haikupatikana.

Funzo la Pioneer

Pioneer 10 na Pioneer 11, vilivyorushwa mwaka 1972 na 1973, navyo vilionyesha mchapuko usiotarajiwa kuelekea jua, wa mita 8.74 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde kwa sekunde. Wapo waliopendekeza kwamba nadharia ya mvutano irekebishwe. Mwaka 2012 Slava Turyshev na wenzake walionyesha kwamba sababu ni joto la chombo chenyewe. Mnururisho wa joto husukuma kinyume cha upande unakoelekea, na sehemu kubwa zaidi ya joto hilo ilielekea upande ulio mbali na jua.

Hesabu ni nyepesi. Kwa chombo cha kilo 240, kani inayohitajika ni nyutoni 2.1 × 10⁻⁷. Ikizidishwa kwa kasi ya nuru, hupatikana wati 63 tu. Mitambo ya plutoniamu ya chombo hicho ilitoa joto la zaidi ya wati 2,000.

Hitimisho

Tofauti ndogo si za kudharauliwa. Kasoro katika njia ya sayari Uranusi iliwaongoza wanajimu kuigundua Neptuni mwaka 1846, na sheria ya Newton ikabaki imara. Kasoro katika njia ya Utaridi, sekunde 43 za pembe kwa karne, ilingoja nadharia ya Einstein ya mwaka 1915. Ya kwanza ilidai sayari mpya. Ya pili ilidai fizikia mpya.

Kuhusu vyombo vilivyoipita dunia, wataalamu wamechunguza ukinzani wa hewa ya juu, kupwa na kujaa kwa bahari, chaji ya umeme na msukumo wa nuru. Kila kimoja kimeonekana kuwa kidogo mno. Sababu haijathibitishwa. Lakini jambo linalotokea mara chache na kukosekana mara nyingine halitoshi kuangusha sheria iliyopimwa mara nyingi. Kutojua sababu ni mwanzo wa uchunguzi, wala si uthibitisho wa nadharia mpya.

Maswali

1. Kwa nini mwendo wa chombo hubadilika kikilinganishwa na jua, hali haubadiliki kikilinganishwa na dunia?
2. Kokotoa badiliko la mitetemo kwa Galileo, ikiwa wimbi lilikuwa na mitetemo 2,300,000,000 kwa sekunde.
3. Plutoniamu hupungua kadiri miaka inavyopita. Ikiwa joto ndilo lililoisukuma Pioneer, mchapuko ule ungepaswa kubadilikaje?