SOMO LA MEKANIKA: MOTERI IFUNGWE FASI GANI?



Kuna neno linalorudi mara nyingi kati yetu: "Kama moteri inawaka, basi, ifunge tu fasi yoyote." Neno hili si kweli. Moteri inaweza kuwaka vizuri sana na kuleta hatari kwa sababu imefungwa fasi mbaya. Ili tuelewe, leo tutazame chombo kimoja ambacho wengi wetu hatujakiona: mashini ya kukata majani, ile ambayo mtu anakaa juu yake, na ambayo watu wa Uingereza wanaitumia kwa kushindana mbio. Ni jambo la kuchekesha, lakini linafundisha, sababu chombo ni kidogo na kila kipande chake kinaonekana kwa macho.

1. Mchezo huu ulitoka wapi?

Mashini ya kukata majani ilivumbuliwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830. Ile ya kwanza ilisukumwa kwa mikono. Baadaye waliitia moteri, na kisha kiti. Mwaka 1973, katika kijiji cha Wisborough Green, Jim Gavin na rafiki zake walikuwa wanatafuta mashindano ya moteri yasiyoomba feza nyingi. Gari la mbio lina bei kali sana. Lakini mashini ya majani ilikuwa katika nyumba nyingi za kwao. Basi wakaanza kushindana nazo. Wamarekani nao walianzisha chama chao mwaka 1992. Huko Uingereza kuna mbio inayodumu masaa 12, usiku kucha.

Sheria ya kwanza ni moja: visu vyote vinaondolewa mbele ya kushindana. Visu vikiisha kutoka, kazi ya kujenga inaanza, na ulizo la kwanza ni lile la moteri.

2. Mhimili unatazama wapi?

Kila moteri ina mhimili, ndio chuma kile kinachozungushwa na pistoni na kutoa nguvu inje. Moteri nyingi za mashini hizi zina mhimili unaotazama chini. Sababu gani? Sababu visu vilikuwa vinazunguka kwa ubapa karibu na udongo. Puli iko chini ya shasi, na mkaba unapeleka nguvu nyuma, kwenye buati ya vitesi. Buati hiyo ndiyo inayogeuza mzunguko ili magurudumu yasonge.

Moteri ya namna ya pili ina mhimili uliolala, unaotokea ubavuni. Hiyo inaweza kufungwa ili mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa magurudumu. Pale mnyororo ao mkaba unakwenda moja kwa moja, bila kupinda kona.

Sasa mtu mwenye akili za haraka atasema: "Nina moteri yenye mhimili wa chini. Nitailaza ubavuni, basi itakuwa kama ile ya pili." Hapana! Moteri nyingi ndogo hazina pompi ya mafuta. Ndani kuna kipande kinachopiga mafuta na kuyarusha juu ya vyuma vyote. Ukiilaza, mafuta yanakimbilia upande mwingine, kile kipande kinapiga hewa tupu, na vyuma vinasuguana bila mafuta. Karbirateri nayo inainama, na esansi haiingii tena kwa kipimo chake. Moteri itatoa moshi, kisha itakufa. Kwa hiyo tunafuata jinsi moteri ilivyotengenezwa; hatuilazimishi.

3. Inazunguka upande gani?

Moteri nyingi za namna hii, ukisimama na kutazama ncha ya mhimili inakotoka nguvu, zinazunguka kinyume cha mishale ya saa. Tuseme mhimili umelala na ncha yake inatokea upande wa kushoto wa chombo. Simama upande huo wa kushoto: mbele ya chombo iko kwa mkono wako wa kushoto. Gurudumu likizunguka kinyume cha saa, linakwenda mbele. Vizuri.

Sasa geuza moteri ile ile, ncha itokee upande wa kuume. Ukifunga mnyororo mmoja tu, chombo kitarudi nyuma! Moteri haikubadilika hata kidogo. Umebadilisha tu fasi inayotazama. Hapo utahitaji gia za kugeuza tena mzunguko.

4. Mbele ao nyuma?

Moteri ikikaa juu ya magurudumu ya mbele, uzito wake wote unayakandamiza hayo, na volani inasikiwa vizuri. Ikikaa juu ya magurudumu ya nyuma, hayo ndiyo yanashika udongo kwa nguvu. Ikikaa katikati kabisa, nusu ya uzito inakwenda mbele na nusu nyuma.

Lakini tusisahau shofere. Yeye anakaa karibu na magurudumu ya nyuma, na mara nyingi ni mzito kupita moteri. Moteri nayo ikiwekwa nyuma, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi. Akiongeza esansi kwa ghafula, magurudumu ya mbele yanaweza kuinuka, na mtu anageuza volani bila chombo kumsikia.

5. Juu ao chini?

Hapa ndipo maisha ya mtu yanapopimwa. Tufanye hesabu. Tuseme shasi na magurudumu ni kilo 100, na kitovu cha uzito wake kiko sentimetre 30 juu ya udongo. Shofere ni kilo 70, kwa sentimetre 80. Moteri ni kilo 30, kwa sentimetre 60. Tunazidisha, tunajumlisha, tunagawanya kwa kilo 200:

(100 × 30 + 70 × 80 + 30 × 60) : 200 = 52 sentimetre.

Tuseme toka gurudumu la kushoto mpaka la kuume ni sentimetre 84, basi nusu ni 42. Katika kona yenye nusu-kipenyo cha metre 10, kama magurudumu hayatelezi, chombo kitaanza kupinduka karibu kilometre 32 kwa saa. (Mwendo kwa metre kwa sekunde, mara wenyewe = 9,8 × 10 × 42 : 52.)

Tushushe moteri mpaka sentimetre 40. Kitovu kinakuwa 49, na mwendo wa kupinduka 33. Tumepata kilometre moja tu! Lakini tushushe na kiti, shofere awe kwa sentimetre 60: kitovu kinakuwa 42, na mwendo unafika karibu 36.

Munaona siri yake? Kama moteri iko chini ya kiti, shofere anapandishwa juu. Kama moteri inasogezwa mbele, kiti kinapata nafasi ya kushuka. Kwa hiyo fundi anayeuliza "moteri ikae wapi?", kwa kweli anauliza "mtu atakaa wapi?"

6. Na sisi?

Sisi hatuna mbio ya majani. Lakini tuna mashini ya kusaga mihogo na mahindi, tuna pompi za maji. Kanuni ni zile zile. Mbele ya kukaza bulo la kwanza, uliza: Moteri hii ilitengenezwa kusimama ao kulala? Inazunguka upande gani? Puli mbili ziko katika mstari mmoja, ili mkaba usiruke? Moshi wa moto unatoka mbali na tanki ya esansi? Na mtu atasimama wapi siku mkaba utakapokatika? Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa na kuhesabu. Na sisi tuhesabu kwanza; ufunguo wa kukaza utangoja.

Maulizo ya kujipima

1. Kwa nini si vizuri kulaza moteri yenye mhimili unaotazama chini? Toa sababu mbili.
2. Ncha ya mhimili inatokea kuume, na kuna mnyororo mmoja tu. Chombo kitakwenda wapi?
3. Fanya tena hesabu ya sehemu ya 5 na shofere wa kilo 90, kiti na moteri vikiwa juu kama mwanzo. Kitovu kinapanda ao kinashuka?

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita