Dondoo Muhimu: Kiti cha Kambi cha Kubeba Mgongoni

Anza na uzito. Kwa safari ya miguu yenye mzigo mgongoni, kama Mlima Kenya, kiti kisizidi kilo 1. Helinox Chair Zero kina takriban nusu kilo. Ukifika kambini kwa gari, usihangaike na gramu: chukua kiti kirefu chenye egemeo la mikono.

Viti vyepesi vingi huwa vifupi mno. Mwenye magoti mabovu hupata shida kuinuka, kwa hiyo kikalie dukani, kisha simama bila kushika kitu.

Kagua zaidi pembe za kitambaa, pale ncha za fito zinapoingia. Hapo ndipo kinapochanika kwanza. Tafuta mshono wa mara mbili na kiraka cha kuongeza nguvu. Bila hivyo, kiache hata kama bei ni nzuri. Fito za alumini ni nyepesi kuliko za chuma na hazishiki kutu. Soma pia kikomo cha uzito wa mkaaji, na uache nafasi ya kutosha chini yake.

Miguu myembamba huzama kwenye mchanga na tope. Nunua kitandiko cha chini au chagua miguu yenye nyayo pana. Kikalie mbali na moto, maana cheche hutoboa nailoni.

Mzigo wako ukibebwa na mpagazi Kilimanjaro, kikomo ni kilo 20. Tafadhali, kiti nacho kipimwe humo.