Kupanda Kilimanjaro Mbio

Wenzangu darasani huniuliza: wageni huchukua siku tano au zaidi kupanda Kilimanjaro; imekuwaje Simon Mtuy, Mtanzania, mwaka 2006 akapanda na kushuka kwa muda usiotimia saa 10, akijibebea chakula na maji yake? Nitaeleza sababu mbili.

Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895. Huko, penye barafu, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, basi kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Apandaye kwa haraka huweza kuumwa kichwa na kutapika. Maji yakijaa mapafuni, huweza kufa asiposhushwa upesi.

Sababu ya kwanza ni mazoea. Mtuy ni kiongozi wa wapanda mlima, na mwili unaokaa juu siku nyingi huzidisha chembe nyekundu za damu, zichukuazo oksijeni. Ya pili, ugonjwa huo kwa kawaida huanza baada ya saa 6 hadi 12 za kukaa juu. Yeye aliuwahi kwa kushuka.

Hata hivyo hatari hubaki. Ubongo ukikosa oksijeni mtu hupotewa na akili bila kujijua, na aliye peke yake hana wa kumwambia, "Rudi!" Kwa hiyo sisi wa Uganda tukipanda Rwenzori hadi Margherita, mita 5,109, tusimwige. Barafu iliyobaki kule ina nyufa. Tufungane kamba, twende polepole, wala tusione haya kurudi.