Tovuti ya Kamisheni: Mnunuzi Anaandika Maneno Gani?

Vijana katika vikundi vingine wanataka kuanzisha tovuti ya kuuza kwa kamisheni. Kazi yenyewe ni hivi: ninyi hamweki bidhaa. Mnaandika habari za bidhaa za duka fulani, msomaji anabonyeza kiungo chenu, na akinunua mnapata asilimia. Amazon walianza mpango kama huu mwaka 1996.

Lakini kabla mweka hazina hajatoa pesa za jina la tovuti, ambalo hulipiwa kila mwaka, kaeni chini mwulizane: mtu atatufikiaje? Atatufikia kwa maneno anayoandika kwenye Google. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanachagua neno kubwa, tuseme "pampu". Mwenye kuandika "pampu" anataka nini? Labda ni ya baiskeli, labda ni mwanafunzi tu. Na hata kama ni mnunuzi, ukurasa wa kwanza umejaa maduka makubwa, nanyi mtakuwa huko nyuma mahali hakuna mtu hufika.

Sasa mtazameni anayeandika "pampu ya sola ya kisima cha futi 60". Huyu ameshachimba. Amepima. Watu kama yeye ni wachache, ni kweli, lakini mimi ningemchukua huyu mmoja niwaache wale mia. Tena ana swali ambalo duka mara nyingi halimjibu: pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya futi 25 hivi. Kama maji yake yako mbali kuliko hapo, anahitaji ile ya kuzamishwa kisimani. Mkimweleza hilo vizuri kwenye ukurasa mmoja, atasoma, na kiungo kiko hapo hapo. Hakikisheni tu kwamba duka linalolipa kamisheni linayo pampu hiyo na huileta mpaka kwenu, na mwambieni msomaji wazi kwamba akinunua mnapata kitu.

Maneno haya hayatungwi kichwani. Anzeni kuandika kwenye Google, msimalize, mwone inayowapendekezea. Google Trends ni ya bure. Wekeni maneno mawili mwone ni lipi linatafutwa zaidi hapa Kenya. Watu wetu huchanganya lugha, kwa hivyo jaribuni Kiswahili na Kiingereza pia. Na mkilipata neno, si ati mlirudie kila mstari! Google wanaihesabu hiyo kuwa hila, na wanaweza kuushusha ukurasa wenu.

Kazi ya kikundi: Kila mwanachama ataje kitu cha bei alichonunua karibuni, na maswali aliyomwuliza mwenye duka kabla ya kutoa pesa. Katibu aandike maneno vile yalivyosemwa, asiyasahihishe. Halafu yajaribuni kwenye simu, moja moja.